Bawa la Mbele na Madeni Yake: Kwa Anayeanza Kujijengea Ndege ya Kanadi

Kila anayekuja gereji kwangu huuliza swali lilelile: inakimbia kiasi gani? Hakuna anayeuliza inatua kwa mwendo gani, wala inataka njia ndefu kiasi gani ili inyanyuke. Simlaumu mtu, maana hata mimi sikuuliza. Nilinunua mradi ulioachwa nusu, Long-EZ, ndege ya watu wawili ya kujijengea, kwa sababu nilikuwa nimeona picha yake ikiwa angani: bawa dogo mbele, mabawa makubwa yamelala nyuma, injini na propela mkiani. Nikasema hii ndiyo yangu. Ilichukua miaka saba ya msasa na gundi ya epoksi mpaka ikaruka. Haya ninayoandika ni yale ambayo laiti ningeambiwa kabla sijatoa pesa.

Kanadi, yaani hilo bawa dogo la mbele, na pia ndege yenye bawa hilo, ni neno la Kifaransa, maana yake bata. Wafaransa walizitazama ndege za mwanzo, shingo ndefu mbele na mabawa nyuma, wakaona bata anayeruka. Ndege ya ndugu Wright ya mwaka 1903 nayo ilikuwa na kidhibiti chake mbele. Baadaye dunia ikahamia kwenye mkia wa nyuma, mpaka Burt Rutan, mbunifu wa ndege, kule Mojave, California, alipoanza kuwauzia watu michoro ya kujijengea. VariEze iliruka mara ya kwanza 1975, Long-EZ ikafuata 1979. Mwaka 1985 aliacha kuuza michoro, lakini ndege zake bado zinajengwa, na ndugu zao kama Cozy ya viti vinne pia. Historia inatosha.

Deni la kwanza, ambalo ndilo linalozaa mengine, ni kwamba bawa la mbele lazima lichoke kwanza. Bawa likiinuliwa pembe kali mno dhidi ya upepo, hewa inabanduka mgongoni mwake na linaacha kubeba. Ndiyo marubani wanasema limestoli. Kwenye ndege hizi kanadi ikistoli, pua inashuka yenyewe, mwendo unarudi, kanadi inashika tena. Unaweza kuvuta fimbo ya kuongozea mpaka mwisho, ndege ikabaki inaitikia kwa kichwa, juu, chini, juu, chini, kama abiria anayesinzia kwenye basi la usiku. Huo ni usalama wa kweli, na mara ya kwanza nilipoufanya kwa makusudi, nikiwa juu sana, nilicheka peke yangu.

Sasa piga hesabu ya upande wa pili. Kama la mbele lazima listoli kwanza, basi bawa kubwa halifiki kamwe kwenye uwezo wake wa mwisho. Unalijenga, unalibeba, linapasua hewa kila dakika, na sehemu ya nguvu yake hutaitumia maisha yako yote. Wala huwezi kuliwekea flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kama za ndege za Cessna, kwa sababu flapu za bawa la nyuma zitasukuma pua chini kuliko kanadi inavyoweza kuiinua. Kwa hiyo unakuja kutua ukiwa na kasi, pua juu, na unataka lami ndefu. Wakati wa kuondoka ni hivyohivyo: ndege inakimbia sana chini kabla kanadi haijapata nguvu ya kuinua pua.

Ndugu zangu mnaotoka Afrika Mashariki, hapa mnisikilize vizuri. Magurudumu ya Long-EZ ni madogo, na propela iko nyuma yake. Kila kokoto linalorushwa na gurudumu linaelekea kwenye propela. Kiwanja cha murram kinaweza kuitafuna propela ya mbao kwa siku moja. Kama ndoto yako ni kutua kwenye nyasi za kijijini kwenu, jenga ndege nyingine, nami nitakusaidia kuichagua bila kinyongo.

Utaratibu huo wa kanadi kuchoka kwanza unashikilia pale tu uzito unapokuwa mahali pake. Ukirundika vitu nyuma, au ukafunga injini nzito bila kufidia mbele, mambo yanaweza kugeuka: bawa kubwa listoli wakati kanadi bado inabeba. Ndege inashuka ikiwa imelala bapa, na fimbo haifanyi kitu. Ndiyo maana rubani mwembamba kwenye ndege hizi huweka risasi puani, ile metali nzito, si ya bunduki. Usione haya kubeba kilo za risasi kwenye ndege uliyohangaika kuifanya nyepesi. Mimi ninazibeba.

Utasikia pia maneno haya: ndege ya kawaida mkia wake unasukuma chini, kwa hiyo bawa linabeba ndege na mzigo wa mkia juu yake, kanadi inainua, kwa hiyo ndege ya kanadi haina hasara. Nusu yake ni kweli. Kanadi inainua. Lakini anayeinua hulipa. Bawa hubeba kwa kusukuma hewa chini, na bawa refu linaisukuma hewa nyingi taratibu, ilhali bawa fupi lazima liisukume hewa kidogo kwa nguvu. Hiyo ya pili ni ghali zaidi. Kanadi ni fupi na inabebeshwa mzigo mkubwa kwa ukubwa wake. Tena hewa iliyoisukuma chini inakwenda kukutana na sehemu ya ndani ya bawa kubwa, ambayo sasa inajikuta kama inapanda mlima. Anayekwambia kanadi peke yake inafuta ukinzani wa hewa anauza kitu.

Kwa nini basi Long-EZ inakwenda mbali hivyo kwa mafuta kidogo? Kwa sababu ni ndogo, nyembamba, laini, na watu wawili wamekaa mmoja nyuma ya mwenziwe. Mabawa yana urefu wa karibu mita 8 ncha hadi ncha, na ndege tupu ina uzito wa kilo 320 hivi. Mtu mwenye akili akijenga ndege ya mkia wa nyuma kwa ukubwa huo na ulaini huo, ataikaribia sana. Voyager, iliyozunguka dunia bila kutua Desemba 1986 kwa siku 9, ilikuwa na kanadi, ndiyo, lakini siri yake ilikuwa bawa jembamba la zaidi ya mita 33, na shehena ya mafuta. Wakati wa kuondoka ncha za mabawa yake zilikwaruza lami kwa uzito wa mafuta hayo, vile vibawa vya wima vya ncha vikakatika, na bado ilizunguka. Hilo nalitaja kwa wale wanaovihesabu vibawa vya ncha kama hirizi. Kwenye Long-EZ vina kazi nyingine usiyoweza kuikwepa: ndiko usukani ulipo. Hakuna mkia mwingine.

Mtu wa pwani ataielewa biashara hii haraka akiiangalia ngalawa. Matengo, ile miti ya ubavuni, yanaburura maji, hayaongezi hata hatua moja ya kasi. Ila yatoe uone tanga lile utalibeba na nini.

Haya, ukinzani wenyewe. Kuna ule wa kubeba, niliousema, ambao unapungua kadiri unavyokwenda kasi. Na kuna ule wa kupasua hewa, ambao unakua kwa mraba wa mwendo: mwendo mara mbili, ukinzani mara nne, na nguvu ya injini mara nane. Kila mgeni anataka injini kubwa, kwa hiyo tuitazame. Michoro inasema Lycoming ya nguvu za farasi 115. Ukifunga ya 160 umeongeza nguvu kwa asilimia 39 hivi, na mwendo unaongezeka kwa asilimia 11 au 12 tu. Umeongeza pia uzito mkiani, risasi puani, na unywaji wa mafuta. Ukiiacha injini ileile na ukapunguza robo ya ukinzani wa kupasua, unapata karibu asilimia 10 bila kununua lita moja ya ziada.

Robo hiyo iko wapi? Nilipoteza miezi miwili nikiipiga msasa pua mpaka unaona uso wako. Kisha mzee mmoja, mjenzi wa siku nyingi, akanipa bunda la nyuzi za sufu na selotepu. Tukakata vipande vya kidole, tukavibandika safu kwa safu kwenye kava la injini na pale bawa linapokutana na bodi, nikafunga kamera ndogo kwenye kibawa cha ncha, nikaruka. Jioni tukakaa kutazama. Puani na mgongoni nyuzi zote zimelala zimetulia. Nyuma, kwenye kona ya chini ya kava karibu na propela, nyuzi zilikuwa zinazunguka, nyingine zimeelekea mbele kabisa, kinyume na upepo. Kava langu lilikuwa linajikunja ghafla mno na hewa ilishindwa kulifuata. Hewa haisumbuki sana na unavyoikaribisha mbele. Tazama unavyoiaga nyuma. Hewa ile iliyovurugika ndiyo propela iliyokuwa inaila, na ilinichukua majira ya baridi mazima kulijenga kava upya, refu kidogo na lenye mteremko wa taratibu.

Baada ya hapo, magurudumu. Ufito wa mviringo ulio kwenye upepo unaweza kukuburura sawa na umbo la jodari lenye unene wa mara kumi ya wake. Kwa hiyo miguu na magurudumu ya nyuma, ambayo kwenye Long-EZ hayaingii ndani, yanastahili viatu vyema, yaani vifuniko laini, kuliko pua inavyostahili rangi. Rangi yenyewe iwe nyeupe. Jua likipiga rangi nyeusi, foma, lile povu gumu la ndani ya mabawa, na epoksi vinalegea. Wala usifunike kila bonde kwa puti. Puti ni uzito, na mikono ya wengi wetu huimwaga kwa wingi nyuma, mahali ambapo hutaki.

Kupoza injini ndiko nilikojifunza kwa kuungua. Hewa inaingia kwa mdomo ulio tumboni, inapita kwenye mapezi ya silinda, inatokea karibu na propela. Hewa yoyote inayoingia na kutoka bila kugusa silinda ni ukinzani mtupu. Nilisoma hivyo, nikaona njia ya mkato: nikaubana mlango wa kutokea. Nilipata noti tatu za mwendo, yaani maili tatu za baharini kwa saa. Pia nilipata silinda moja iliyopanda mpaka karibu digrii 230 za Selsiasi dakika chache baada ya kuondoka, nikageuza na kurudi nikiwa nimetokwa jasho kuliko hiyo injini. Nilipaswa kuanza na kuziba mianya. Fanya hivi: usiku, weka balbu inayowaka ndani ya kava, zima taa za gereji, zunguka. Yangu ilikuwa inamemeta kama anga la Desemba. Nilipoiziba kwa silikoni na ukanda wa mpira, joto likashuka, na hapo ndipo nilipoweza kuubana mlango kidogo kwa haki.

Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja. Ruka kimo kilekile, uzito uleule, nenda na rudi kwa GPS ili upepo usikudanganye. Wajenzi wengi "wamepata noti tano" ambazo zilikuwa upepo wa nyuma.

Kuhusu kanadi yenyewe, fuata kipimo kama unavyofuata dawa ya hospitali. Aliyeniuzia mradi alikuwa ameibandika yangu ikiwa imekosea nusu digrii na ushee. Niliikuta kwa pima maji ya kidijitali na kibao cha kukopia pembe, nikaikata na kuifunga upya, siku tatu. Ningeiacha, eleveta, vile vibao vya nyuma ya kanadi vinavyoinua na kushusha pua, zingekaa zimeinama safari nzima zikiburura hewa. Jua pia una kanadi ya aina gani. Umbo la zamani, lililotoka Glasgow kule Uskoti, lilikuwa tamu kwenye hewa kavu, lakini matone ya mvua yaliuvuruga ule mtiririko laini, kanadi ikapoteza sehemu ya nguvu yake na pua ikataka kushuka katikati ya wingu. John Roncz, mtaalamu wa maumbo ya mabawa, alichora umbo jingine lisiloogopa mvua, na wengi wetu tunajenga hilo. Kama unanunua mradi wa zamani, uliza kabla ya kuuliza bei.

Na kuhama kwenye michoro. Mwaka 1997 mwimbaji John Denver alikufa kwenye Long-EZ iliyoanguka baharini, Monterey Bay. Aliyeijenga alikuwa ameihamisha swichi ya kuchagua tangi, akaiweka nyuma ya bega la kushoto badala ya mahali ilipochorwa. Kwa hiyo mabomba ya mafuta hayakupita ndani ya chumba cha rubani, wazo ambalo si la kipumbavu. Ila rubani sasa alilazimika kujipinda kuifikia, na anayejipinda hukanyaga pedali bila kujua. Kila ninapopata wazo zuri saa tano usiku, nakwenda kukaa kwenye kiti na kujifunga mkanda kwanza.

Kuna kichekesho kimoja utakikuta mwishoni. Ukishamaliza miaka yote ya kuondoa ukinzani, ndege inakuwa laini kiasi kwamba haitaki kushuka. Inateleza juu ya lami kama sabuni sakafuni. Ndiyo maana kuna ubao tumboni unaoufungua kwa mkono kabla ya kutua, kazi yake kuziba hewa, basi. Na usukani zote mbili zinaweza kufunguka nje kwa pamoja zikasaidia. Nilipounganisha bawaba za ubao ule nilijiona mjinga kidogo.

Ukishasimama, kunja gurudumu la mbele na uilaze pua chini kabla hujateremka. Injini iko nyuma, na uzito wako ndio uliokuwa unaishikilia pua. Nilisahau mara moja tu, mbele ya watu kumi hivi. Nilipokanyaga lami nilisikia inainuka polepole nyuma yangu, kisha kishindo cha propela.