Unapoanza kuvua besi Naivasha, tafuta nyumba yake kwanza

Nilipoanza kuvua kwa fimbo kwenye Ziwa Naivasha, wiki tatu nzima nilirusha ndoano kuelekea katikati, mbali kadiri mkono ulivyofika. Niliamini samaki mkubwa hukaa kwenye maji makuu. Sikupata hata mmoja wa besi, wale samaki wawindaji wenye mdomo mpana. Asubuhi moja mzee mwenye boti alinitazama kwa muda, akasema, "Kijana, huko unakotupa hakuna nyumba." Akanyoosha kasia kuelekea gogo la mgunga lililosimama majini, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Nikarusha pale. Mara ya tatu, mshipi ukaenda kando wenyewe.

Besi ni mviziaji. Hafukuzani na mawindo ziwa zima. Hujibanza kandokando ya kitu, mdomo wake mpana ukielekea nje, akangoja. Kitu hicho chaweza kuwa gogo, ukingo wa mafunjo, kivuli cha magugu maji, au mahali kina kinaposhuka ghafla. Maji ya Naivasha yalipopanda sana mwaka 2020, yaliingia hadi kwenye makazi ya watu, nao wengi wakahama. Ule ulikuwa msiba. Yaliifunika pia migunga ya ufukweni, ambayo sasa imekauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Kwa besi, kila shina kati ya hayo ni mlango. Kabla ya kufungua mkoba wa ndoano, kaa dakika kumi uitazame miti hiyo: ipi ina matawi yaliyozama, ipi ina kivuli, wapi vidagaa vinaruka kana kwamba vinakimbia kitu.

Jua pia anakula nini. Besi si mwenyeji hapa. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na alitiwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi kutoka Louisiana, Marekani, nao wakawa chakula chake kikubwa. Kamba hutambaa chini. Kwa sababu hiyo chambo changu cha kwanza kwa mwanafunzi yeyote ni mnyoo wa plastiki wa rangi ya hudhurungi au wekundu mzito, unaoburutwa polepole sakafuni. Vile vyambo vinavyometameta vitakuja baadaye.

Vifaa visikutishe. Fimbo ya mita mbili na mshipi unaobeba kilo 5 au 6 vinatosha mwaka wako wa kwanza. Pesa ikibaki, nunua ndoano na machubwi, yaani vizito vya kuzamisha chambo, ya ziada, maana utayapoteza mengi kwenye magogo. Tia chubwi dogo kwenye mshipi, kisha funga ndoano. Ingiza ncha ya ndoano kwenye kichwa cha mnyoo, kama nusu sentimita, itokeze kando, vuta mnyoo hadi jichoni mwa ndoano, geuza ncha na uichomeke tena mwilini hadi ifichike. Mnyoo ukae umenyooka. Ukipinda, utazunguka majini na kuusokota mshipi. Ncha ikijificha hivyo, unapita kati ya matawi bila kunasa kila mara.

Fundo nalo lisichukuliwe kivivu. Kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe kwenye jicho la ndoano, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha ndoano yote ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha kwa mate, ndipo uvute. Usipolowesha, mshipi huungua kwa msuguano na kudhoofika palepale kwenye fundo. Wengi wanaosema samaki amewakatia mshipi, ukitazama ncha yao utaona ni fundo lililofunguka.

Rusha kuupita mti kidogo, si juu yake, ili chambo kishuke bila kumshtua. Kiache kifike chini. Mshipi ukilegea ujue kimetua. Inua ncha ya fimbo taratibu, shusha, ngoja. Hapa ndipo wageni wanaposhindwa, kwa sababu mikono inataka kuvuta. Besi mara nyingi humeza chambo kinaposhuka, na unachosikia ni mguso mdogo tu, kama mtu anayekugonga begani kwa kidole. Pengine husikii chochote, unaona tu mshipi ukisogea upande usioutarajia. Kusanya ulegevu, kisha vuta kwa nguvu mara moja. Akiruka juu ya maji akitikisa kichwa, shusha fimbo na usimpe mshipi mlegevu, maana hapo ndipo anapoitema ndoano.

Meno yake ni kama msasa, hayakati. Mshike mdomo wa chini kwa dole gumba, na mikono yako iwe imelowa. Ukimwona besi asiyeondoka mahali pamoja kwenye maji mafupi, huenda ni dume analinda mayai au vifaranga. Atashambulia chochote, na ni rahisi sana kumnasa. Tafadhali mwache. Akiondolewa, mayai yataliwa kabla hujamaliza kumpiga picha.

Sasa jambo ninalolisema kwa uzito kuliko yote. Kingo za mafunjo anazopenda besi ndizo wanazopenda viboko. Usivue peke yako kutoka ufukweni alfajiri au jioni, na kamwe usisimame kati ya kiboko na maji. Ukiwa kwenye boti, msikilize nahodha; akikataa kukupeleka kona fulani, usimbembeleze wala usimwongezee pesa. Rudi kabla upepo wa mchana haujapamba moto. Jina Naivasha limetoka kwenye neno la Kimaasai lisemalo maji yachafukayo, na waliolitoa walikuwa wanalijua ziwa hili.

Uliza habari za leseni kwenye ofisi ya uvuvi kabla hujaenda, na uulize kama ziwa limefunguliwa, kwa kuwa kuna vipindi uvuvi husimamishwa ili samaki wazaane.

Na kila baada ya saa moja hivi, pitisha mita ya mwisho ya mshipi kati ya vidole. Ukisikia ukwaruzo, kata kipande hicho ufunge ndoano upya. Magogo yameshausugua, na samaki mkubwa wa siku hiyo anaweza kuwa kwenye mrusho unaofuata.