Jibu: Baba ana Parkinson, tangu Jumatatu anaona watu wasiokuwepo

Pole na kuuguza, dada. Usahaulifu wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, huja taratibu, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa ndani ya siku tatu ni jambo jingine: mara nyingi chanzo ni maambukizi, kufunga choo, upungufu wa maji au dawa. Leo hii apimwe mkojo na malaria, na uliza kama anapata choo na anakunywa maji ya kutosha. Kisha angalieni dawa zake. Hiyo benzeksoli uliyosema anatumia, dawa ya kupunguza mtetemeko, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka, na kwa mzee wa miaka 74 mimi ningeishuku mapema. Usiikatishe ghafla: mko Moshi, mpelekeni hospitali ya KCMC, daktari aipunguze kidogo kidogo. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, msiiguse wenyewe. Akihangaika usiku, asichomwe haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa; itamkakamaza zaidi. Waambieni wauguzi mapema kwamba ana Parkinson.