Chevrolet ya babu iliyolala chini ya mwembe: usiiuze kwa kilo

Waalaykum salaam, mwanangu wa Chake Chake. Umesema pikapu ya Chevrolet ya marehemu babu yako, iliyokuwa ikibeba karafuu, imelala chini ya mwembe tangu hujaanza skuli. Injini haizunguki na mnunuzi wa chuma chakavu ameshaitaka kwa kilo. Unauliza kama inafaa kuhangaika nayo, na uanzie wapi. Inafaa. Huyo mnunuzi mwambie hapana leo hii.

Mimi niliipata yangu Bububu, Chevrolet modeli ya 3100 ya mwaka 1954, nikakaa nayo miaka sita mpaka ikatembea. Kwa picha uliyoweka, yako ni ya umbo lile lile la 1947 hadi 1955. Tazama kioo cha mbele. Kikiwa kipande kimoja ni ya 1954 au mwanzo wa 1955. Vikiwa viwili na utepe katikati, ni ya kabla ya hapo. Hilo lina maana kubwa. Hadi 1953 pikapu hizi zilikuja na injini ya inchi za ujazo 216, ambayo beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti) zinapata oili kwa kuchota na kurushiwa. Ya 1954 ni 235, na oili inasukumwa na pampu mpaka kwenye beringi zenyewe. Ukikuta 216, hata ikishapona usije ukaikimbiza.

Usikubali ivutwe na gari nyengine ili iwake. Utavunja ringi za pistoni. Fungua plagi zote sita, mimina kwenye matundu yake dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi za otomatiki, uiache. Kila asubuhi ongeza kidogo, jaribu kuzungusha kwa mkono. Yangu ilikataa siku 19. Siku ya ishirini ilisogea upana wa ukucha, nikamwita mke wangu aache jikoni aje aone.

Kabla hujagusa nati yoyote, tafuta seti ya spana za inchi. Spana namba 13 ya milimita huingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Ukikaza mkono kwenye nati yenye kutu, pembe zote zinalika, na hapo ni kazi ya patasi. Umeme wake nao ni wa volti 6. Fundi umeme mmoja alinifungia betri ya volti 12 nilipokwenda kusali Ijumaa. Niliporudi taa zote zimeungua na geji ya mafuta imekufa. Andika "6" kwa rangi kwenye boneti kwa ndani.

Kazi yenyewe hasa ni kutu. Kisiwa chetu kina chumvi hewani mwaka mzima, na inajificha pale mabati mawili yanapokutana: chini ya milango, pembe za kibanda, nyuma ya taa. Fundi bodi wa kwanza alinifunikia kutu kwa pati, ikapendeza kweli. Masika yalipopita, bati lote likafura malengelenge. Nilibandua kila kitu nikaanza upya. Kwanza osha, na uoshe kwa maji ya mvua, kwa sababu visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Rudia mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha.

Vipande vidogo nilivisafisha kwenye pipa la plastiki lenye maji na magadi, kwa chaja ya betri. Kipande chenye kutu unakifunga upande wa hasi, kipande cha chuma usichokihitaji upande wa chanya, na visigusane. Usitumie stenlesi, inatoa sumu ndani ya maji. Fanya nje penye upepo, mbali na moto, maana gesi inayotoka ni haidrojeni. Kesho yake kutu inatoka kwa brashi tu.

Sakafu ya mzigo ya pikapu hizi ni mbao, na tepe za chuma baina yake. Nilimleta fundi wa majahazi kutoka Nungwi, akanipangia mbao za mvule na kuzipaka sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa majahazi. Alipomaliza, akachovya tena kitambaa kwenye sifa akaanza kuingiza ndani ya milango na mikunjo ya bati. Nilimzuia, nikidhani ananiharibia. Baadaye ndipo nikasoma kuwa Rust-Oleum, rangi ya Kimarekani ya kuzuia kutu iliyoanza 1921, chanzo chake ni nahodha Robert Fergusson kuona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yamezuia kutu. Yule mzee wa Nungwi alikuwa anajua alifanyalo. Paka sifa pale tu ambapo hutapiga rangi, kwa kuwa rangi haishiki juu yake. Harufu itakaa wiki kadhaa, vumilia.

Gasketi na mipira ya breki bado vinatengenezwa Marekani. Orodhesha vyote uagize mara moja, nauli ya vipande vipande itakumaliza.

Na kabla ya kumimina dizeli niliyokwambia, fungua nati ya chini ya injini uimwage oili ya zamani. Kama inatoka ya rangi ya maziwa, maji yameingia. Usiizungushe injini, piga picha uiweke hapa nione.