Usipime hiyo mililita 101! (Kwa mwalimu mwenye asidi ya 36%)

Weka hiyo silinda chini kwanza. Kama hujafungua chupa, shukuru Mungu. Kama umeshachanganya, usimpe mwanafunzi hata tone.

Nimesoma hesabu yako nikadhani macho ndiyo yameniharibikia. Unataka lita 10 za asidi ya haidrokloriki ya 0.1M, yaani moli 0.1 kwa lita, kwa praktikali ya Kidato cha Nne. Chupa imeandikwa 36%. Ukasema 36% ni gramu 360 kwa lita, ukagawanya kwa 36.5, uzito wa moli wa asidi hiyo, ukapata 9.86M, kwa hivyo utachota mililita 101 na kujaza maji hadi lita 10. Na hapo juu watu wawili wamekwambia "iko sawa kabisa". Iko sawa wapi?

Hiyo 36% ni uzito kwa uzito. Ni gramu 36 ndani ya kila gramu 100 za hicho kioevu, si ndani ya mililita 100. Zungusha chupa uangalie tena lebo: kuna mstari mdogo ambao hakuna anayeusoma, utakuta 1.18 au karibu na hapo. Hiyo ndiyo densiti. Yaani lita moja ya asidi yako ina uzito wa gramu 1,180. Nenda Nyamakima kwa wauza nafaka ukapimishe gorogoro ya maharagwe na gorogoro ya pumba, mkebe ni ule ule, uone kama mizani itakuonyesha kitu kimoja. Sasa tafuta 36% ya 1,180: gramu 424.8. Gawanya kwa 36.5. Ni 11.64M. Unachohitaji ni mililita 86. Ukimimina zako 101, utapata 0.118M ndani ya mtungi ulioandikwa 0.1M kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyeusi.

Utaniambia tofauti ni ndogo. Nami nilisema hivyo hivyo.

Nilikuwa mtu wa labu katika shule moja huku Eastlands. Shule kadhaa za jirani ziliungana kufanya mtihani wa majaribio kabla ya KCSE, ule wa taifa wa Kidato cha Nne, na mimi nikapewa kazi ya kutengeneza asidi ya wote. Nikaitengeneza kwa hesabu hii hii yako, nikaigawa kwenye mitungi, pikipiki zikaisambaza. Swali lilikuwa lile mnalolijua: sodiamu kaboneti yenye maji ya fuwele, gramu 14.3 kwa lita, tafuta x, idadi ya molekuli za maji kwenye fuwele. Unachota kaboneti kwa pipeti ya mililita 25, unatia methili oranji ya kubadilisha rangi, unadondosha asidi kutoka kwenye bureti, na bureti ilitakiwa kusoma mililita 25.0. Watoto wakapata 21.2. Darasa zima. Shule zote.

Fuata hesabu ya mtoto aliyeambiwa kwenye karatasi kwamba asidi ni 0.1M. Kaboneti inamtokea 0.0424M badala ya 0.05M. Uzito wa moli unamtokea 337 badala ya 286. Anatoa 106 ya kaboneti yenyewe, anagawanya kwa 18 ya maji, x inakuwa 12.8. Molekuli 13 za maji kwenye fuwele ambayo kila kitabu kinasema ina 10! Kuna karatasi moja siisahau: msichana alikuwa amefika 13 kwa hatua safi kabisa, akaipiga mstari kwa rula, akaandika 10 chini yake. Jedwali lake bado linasema 21.2. Huyo akapata alama ya jibu. Jirani yake aliyeiacha 13 yake, ambaye ndiye aliyeamini bureti, akakosa.

Na alama ya usahihi? Unaipata usomaji wako ukiwa ndani ya 0.1 ya thamani ya mwalimu. Mwalimu wa somo alikuwa ameandika 25.0 kwenye mwongozo wa kusahihisha bila kugusa bureti, kwa sababu "fundi ametengeneza". Sufuri kwa wote. Alipokuja labu na burungutu la karatasi kuniuliza nimeweka nini humo ndani, nilimjibu nimeweka maji na asidi. Hapo sikusema uongo.

Praktikali ilirudiwa, na kemikali za marudio zikatoka kwenye mshahara wangu. Mkuu wa shule hata hakupandisha sauti. Alinisogezea risiti tu.

Sasa msinione mjinga peke yangu. Fomula hiyo sikuiota. Ilikuwa imebandikwa kwa selotepu nyuma ya mlango wa stoo na aliyenitangulia, herufi kubwa: ASILIMIA × 10 ÷ UZITO WA MOLI. Nilipompigia simu kumuuliza densiti aliiacha wapi, akacheka, akasema ameitumia miaka yote na hakuna aliyewahi kulalamika. Nani angelalamika? Mtoto wa Kidato cha Nne akipata jibu baya anajilaumu mwenyewe! Nikamuuliza kama aliwahi kuipima asidi yake kwa bureti. Akasema mtandao unasumbua.

Ubaya wa karatasi ile ya mlangoni ni kwamba kwenye myeyusho hafifu haikosei sana, kwa kuwa densiti yake iko karibu na 1. Inakuzoesha hivyo, unaiamini, halafu siku moja unaipeleka kwenye salfuriki ya 98%. Itakwambia ni 10M. Densiti ya salfuriki ni 1.84, kwa hivyo ukweli ni 18.4M. Karibu mara mbili! Kwenye amonia ya 35% inakosea upande wa pili, maana yenyewe ni nyepesi kuliko maji, 0.88: karatasi inasema 20.6M, kumbe ni 18.1M. Kwa hivyo usije ukajifariji kwamba inakosea kidogo tu, au upande mmoja tu.

Asilimia × 10 × DENSITI ÷ uzito wa moli. Ukikosa densiti kwenye lebo, usihesabu chochote, tafuta chupa nyingine.

Na hata ukipima hizo 86, usiamini. Chupa ya haidrokloriki ikishafunguliwa hutoa moshi na nguvu inapungua. Pima gramu 5.3 za sodiamu kaboneti kavu isiyo na maji ya fuwele, jaza hadi lita moja, hiyo ni 0.05M. Chota mililita 25, titresheni, yaani kule kupima kwa bureti, ufanye wewe mwenyewe. Bureti ikisoma 25.4, usianze kuongeza asidi kwa kukisia, andika 0.098M kwenye karatasi ya mtihani na maisha yaendelee. Maji yatangulie mtungini, asidi ifuate, dirisha likiwa wazi. Hilo naamini unalijua, lakini hata densiti nilidhani unaijua.

Ulikuwa umeuliza pia kuhusu pamanganeti, na kama maji ya betri ya petroli stesheni yanafaa. Hayo wajibu wale wawili wa "iko sawa kabisa". Wewe niwekee hapa picha ya lebo, namba zote zionekane, nikuhesabie usiku huu kabla hujaingia labu.