Ipe mara tatu kabla hujaiacha

Ndugu, umesema rafiki yako kakupa Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ukaizima baada ya dakika 10 kwa sababu haina mwimbaji. Usiifute bado. Hata mimi mara ya kwanza ilinipita tu, nikaona ni muziki wa hotelini.

Mara ya pili niliisikiliza usiku, taa zimezimwa, hedifoni masikioni, nikafuata chombo kimoja tu: besi. Kwenye wimbo wa kwanza besi inaita, piano inaitikia kwa mapigo mawili, kisha tarumbeta na saksafoni zinaupokea mwitikio huohuo. Ni kuitana na kuitikiana kama kwenye ngoma zetu! Nilipolinasa hilo, mwili ulinisisimka.

Ilirekodiwa New York mwaka 1959, ina nyimbo 5 tu na haifiki saa nzima. Isikilize kwa mpangilio wake, usirukeruke. Halafu muulize rafiki yako ni sehemu gani hasa inayomgusa, dakika ya ngapi. Ikikushinda hata mara ya tatu, mwambie ukweli, umwombe nyingine.