Mwenzangu Analala, Mimi Nakesha: Je, Sifai Udaktari?

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu wa udaktari na tumeanza kuingia wodini. Nikijua kesho kuna raundi ya kupitia wagonjwa kitanda kwa kitanda, usingizi hauji. Naandika upya noti nilizokwisha kuziandika, na bado nikisimama mbele ya daktari bingwa ulimi unakauka. Ninayeishi naye chumba kimoja alipata sapu (mtihani wa marudio) ya fiziolojia, akacheka, akaenda kucheza mpira. Leo wodini anang'ara kuliko mimi niliyefaulu. Nimejipima haiba mtandaoni nikaambiwa alama zangu za wasiwasi ziko juu sana. Je, mtu wa haiba hii anafaa udaktari, au niache mapema? Nifanyeje niwe kama mwenzangu?
Mkeshaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache. Na kuwa kama mwenzako, sahau.

Vipimo vingi vya haiba vimejengwa juu ya sifa tano: wasiwasi, uchangamfu, udadisi, upole kwa watu, na utaratibu wa kazi. Wewe umesoma alama moja ukafunga daftari. Mtu anayeandika upya noti alizokwisha kuziandika ana utaratibu wa kumwaga, na kinachokuchosha ni hizo mbili zikikutana. Nchini Norway, Reidar Tyssen na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa udaktari kwa miaka 6, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Waliokuwa hatarini zaidi kulemewa ni wenye wasiwasi mwingi na utaratibu mwingi, tena wakimya. Waliosalimika ni wachangamfu wasio na wasiwasi, ambao utaratibu wao umelegea kidogo. Namwona mwenzako hapo, na mpira wake kwapani.

Ila usimwonee wivu haraka. Mwaka 2009 Filip Lievens na wenzake walitoa utafiti wa wanafunzi wa udaktari wa Ubelgiji, wakaona kwamba kadiri miaka ya masomo inavyosonga ndivyo utaratibu unavyozidi kuwa mtaji. Uchangamfu haukuwa msaada miaka ya mwanzo, ya vitabu. Ulianza kulipa masomo yalipohamia kwa wagonjwa. Basi sapu yake ya jana na kung'ara kwake leo havipingani hata kidogo. Wodi imeanza kudai kitu alichokuwa nacho tangu zamani, na wewe sasa ndio unaanza kukitafuta.

Tuje kwenye noti. Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba msongo hutokana na jinsi mtu anavyopima uzito wa jambo dhidi ya uwezo wake, na kwamba tunakabiliana nao kwa kushughulikia tatizo lenyewe au kwa kutuliza hisia. Njia zote mbili ni halali. Shida yako ni kwamba unatuliza hisia huku ukidhani unatatua tatizo. Kwenye raundi hakuna anayekagua mwandiko, unatakiwa kuzungumza. Kwa hiyo usiku funga noti, simama kando ya kitanda cha mwenzako umsimulie kwa sauti habari za mgonjwa mmoja: malalamiko, historia, ulichokiona ulipompima, unashuku nini na kwa nini. Mwambie akukatize katikati, maana bingwa naye atakukatiza. Kisha yeye afanye zamu yake, wewe umbane kwenye mpangilio. Nadhani atafaidika kuliko wewe, lakini usimwambie.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na kwamba utalisoma, halafu kesho yake lilete. Nimefundisha wodini muda mrefu. Anayeniudhi ni yule anayebuni shinikizo la damu ambalo hakulipima.

Halafu jisikilize baada ya raundi. Dodoso fupi la Charles Carver la mwaka 1997, lenye sentensi 28, huuliza watu wanakabilianaje na magumu: kupanga, kuomba msaada, kusali, kutania, kukana, kujilaumu na kadhalika. Wenye wasiwasi mwingi huegemea kujilaumu, nami nakisia ndicho unachofanya ukirudi chumbani. Habari njema ni hii: mwaka 2007 Jennifer Connor-Smith na Celeste Flachsbart walijumlisha tafiti nyingi, wakakuta haiba inahusiana na mbinu ambazo mtu huchagua, lakini kwa jumla uhusiano huo si mkubwa. Wasiwasi wako haujakuchagulia cha kufanya saa nne usiku.

Jambo moja sitalichezea. Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumekaa nawe wiki 2 au zaidi, au chakula hakipiti, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika. Mawazo ya kufa yakija hata mara moja, usihesabu wiki: mwambie mtu leo, asikuache peke yako. Uchambuzi wa Lisa Rotenstein na wenzake wa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikuta takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake, na kati ya waliobainika nazo ni kama asilimia 16 tu waliotafuta tiba. Na hawa ndio watu wanaojifunza kuwahimiza wengine wawahi hospitali!

Ukienda kwa mshauri au daktari, yale matokeo ya mtandaoni yaache. Mweleze unalala saa ngapi, unakula vipi, na tangu lini.