Maswali na majibu: Venezia tulale wapi, karibu na San Marco au Mestre?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na mume wangu tunaenda Venezia, kule Italia, mwisho wa mwezi wa tano, tutalala siku tatu, na tunaenda na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Nimepata apatimenti wameandika "dakika tano kutoka San Marco", bei iko chini kuliko hoteli zote nilizoona, ila mwenye nyumba anataka tumlipe benki moja kwa moja eti tukwepe komisheni ya saiti. Kwenye grupu letu wanasema tulale Mestre, kule bara, wajanja wote wanalala huko. Na jamaa anayetushughulikia viza, pasipoti zetu tayari anazo, anasema tusihangaike na hoteli, yeye atatoa bukingi ya kuonyesha ubalozini halafu tukifika tutajitafutia. Tufuate lipi? Mama Rayyan, Tanga.

JIBU: Mama Rayyan, nimekupata. Umeuliza kama swali moja lakini humo ndani kuna matatu, na hilo la mwisho ndo limenipandisha presha, ntalifikia. Tuanze na hiyo "dakika tano kutoka San Marco", yaani ule uwanja maarufu wa katikati ya mji. Mi kazi yangu ni kupangia watu safari, na hiyo sentensi naletewa kila mara, mtu anakuja na skrinishoti anatabasamu kabisa kwamba kapata dili.

Dakika tano za nani? Za kunguru? Maana hizo zimepimwa kwenye ramani, mstari umenyooka, na Venezia hakuna kitu kilichonyooka. Ule mji umekaa juu ya visiwa zaidi ya mia moja, umeunganishwa na madaraja zaidi ya 400, na karibu kila daraja lina ngazi za kupanda na ngazi za kushuka. Hakuna gari, hakuna bajaji, hata baiskeli wamekataza. Basi linaishia Piazzale Roma, treni inaishia stesheni ya Santa Lucia, baada ya hapo ni miguu yako au boti, basi. Sasa mtu anakuuzia nyumba kwa umbali wa kutoka San Marco, sehemu ambayo utaenda mara moja au mbili na mkoba mdogo tu begani, wala hasemi chochote kuhusu ile safari utakayoenda na masanduku matatu na mama mwenye magoti.

Kama unabisha, simama asubuhi mbele ya Santa Lucia uangalie watu wanaopanda Ponte degli Scalzi. Baba yuko mbele na masanduku mawili, anapandisha ngazi moja anapumzika, matairi yanagonga jiwe ko, ko, ko, mama yuko nyuma kanyanyua simu juu anatafuta GPS, na GPS yenyewe kwenye vile vichochoro inarukaruka kwa sababu kuta ni ndefu na njia kuna mahali upana wake ni mabega mawili tu, wakipishana na mtu inabidi mmoja ageuke ubavu. Hilo ni daraja la kwanza, bado hawajafika popote. Wengi wa hao wameambiwa dakika tano.

Kwa hiyo ukiongea na mwenye nyumba muulize haya: kutoka Piazzale Roma au stesheni mpaka mlangoni kwako kuna madaraja mangapi? Kituo cha vaporetto, ile boti ya abiria, kilicho karibu kinaitwaje, na kutoka hapo kuna daraja? Nyumba iko ghorofa ya ngapi na lifti ipo? Kwenye tangazo tafuta neno ascensore, kama halipo chukulia lifti hakuna, majengo mengi kule ni ya zamani sana na kuweka lifti ni shughuli. Na ukikuta terzo piano ujue hiyo ni ghorofa ya tatu juu ya ile ya chini. Mwenye nyumba mkweli atakujibu haraka, maana maswali hayo anaulizwa na watu wote. Akianza kukuzungusha na picha za dirishani, achana naye.

Anwani nayo inachanganya watu. Mji ule umegawanyika sehemu sita, San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce, na namba za nyumba hazifuati mtaa, zinahesabiwa kwa sehemu nzima, zinazunguka humohumo mpaka Castello kwa mfano zinapita 6000. Ukiambiwa tu "Castello" unaweza ukawa huku Santa Maria Formosa, katikati kabisa, au ukawa kule Giardini mwisho wa kisiwa, na kati ya hapo na hapo ni mwendo hasa. Dai namba kamili na jina la kichochoro.

Halafu angalia namba ya posta, hapa ndo matapeli wa matangazo wanapojificha. Manispaa ya Venezia inachukua mpaka bara, kwa hiyo mtu wa Mestre au Marghera akiandika "Venezia" hajadanganya kisheria, ila kakudanganya wewe. Mji wa kale unaanzia 30121 mpaka 30125, na 30135 ambayo ni Santa Croce. 30133 ni Giudecca, kuzuri lakini unavuka maji kila ukitoka. 30126 ni Lido. Ukiona 30170 na kuendelea, dada yangu, hiyo ni bara, Mestre na Marghera.

Na Mestre sio kubaya, niseme ukweli. Treni mpaka Santa Lucia ni kama dakika kumi hivi na zinapita mfululizo, kuna tramu pia mpaka Piazzale Roma, hoteli zina lifti, bei inapungua, na pale Via Piave karibu na stesheni kuna maduka ya Wabangladeshi, nyama halali unapata bila kuhangaika. Kijana mwenye begi la mgongoni mi mwenyewe namwambia alale Mestre. Tatizo ni hao wa kwenye grupu wanaosema "wajanja wote" bila kuuliza nani anasafiri. Mama mkwe wako saa nane mchana yuko San Marco, jua limewaka, magoti yamekataa, anataka kulala saa moja. Kutoka pale vaporetto namba 1 mpaka stesheni ni kama dakika 40, inasimama kila kituo, halafu asubiri treni, halafu atembee mpaka hotelini. Hatorudi tena jioni, uhakika. Na jioni ndo mji unapendeza, wale wa kuja na kuondoka wameshaondoka, vichochoro vinapumua.

Kwa nyinyi mi ningetafuta Cannaregio, upande wa Lista di Spagna mpaka Campo San Geremia. Ukitoka Santa Lucia unakata kushoto, tambarare, daraja la kwanza ni Ponte delle Guglie na nyinyi mtakuwa mmeshafika kabla yake. Hamna daraja hata moja njiani, vaporetto iko palepale mbele ya stesheni, kituo cha Ferrovia, mama atakaa kwenye boti aangalie Canal Grande, ule mfereji mkubwa, kama malkia. Mtaa wenyewe ni wa watalii, maduka ya vinyago vya plastiki na pizza za ovyo, sikufichi, kula msile pale. Ila kulala ni sawa kabisa. Kama ndege inatua Marco Polo na mnakuja kwa basi, kumbukeni basi linawashusha Piazzale Roma, na kati ya pale na stesheni kuna lile daraja la Calatrava, Ponte della Costituzione, refu na lina ngazi za kioo ambazo zimeshaangusha watu wengi mpaka ikabidi wabadilishe sehemu ya kioo kuweka jiwe. Msilivuke na masanduku, pandeni vaporetto kituo kimoja tu.

Kwenye hesabu ya hela weka na haya. Tiketi moja ya vaporetto ni euro 9.50 na inadumu dakika 75, kwa hiyo ya saa 72 kwa euro 45 ndo inayowafaa, hasa kwa mama. Kuna kodi ya kulala, kila mtu kila usiku, mara nyingi hailipwi kwenye saiti, unaikuta hotelini. Na kuna ile ada ya kuingia mjini walioanzisha 2024, ya siku maalumu kuanzia mwezi wa nne mpaka wa saba: anayelala ndani ya manispaa, hata Mestre, halipi, ila lazima ajiandikishe kwenye tovuti yao apate msimbo wa QR wa msamaha. Wale wanaoshauriwa walale Padova au Jesolo ndo wanalipa, na ukichelewa kulipa inapanda kutoka euro 5 mpaka 10.

Sasa huyo mwenye nyumba anayetaka hela benki. Hapana. Kwanza muombe CIN, ni namba ya utambulisho ambayo tangu 1 Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha wageni Italia lazima iwe nayo, kwenye tangazo na mlangoni. Ya Venezia inaanza na IT027042. Hana, au anasema iko njiani, umeshapata jibu. Halafu kisheria anatakiwa awaandikishe wageni polisi ndani ya saa 24, kwa hiyo anayekuambia pasipoti hazihitajiki anaficha kitu. Komisheni anayokuokolea ndo bima yako, ukitoka nje ya saiti ukafika ukakuta mlango umefungwa na simu haipokelewi, hakuna wa kumlilia, na mwisho wa mwezi wa tano kupata chumba cha watu watatu siku hiyohiyo utalipa mpaka ushangae.

Haya, jamaa wa viza. Hapa naomba mnisikilize wote, sio Mama Rayyan peke yake, maana hawa mafundi wamejaa Dar, wamejaa Mombasa, wamejaa Nairobi, kila mwenye printa siku hizi ni wakala. Anachofanya ni kimoja kati ya viwili: anabuki hoteli inayofutika bure, anaprinti, mkishawasilisha tu anaifuta. Au anachukua karatasi ya mteja wa zamani anabadilisha majina kwenye kompyuta. Ubalozi unapiga simu hotelini. Wanaambiwa hatuna wageni hao. Mnanyimwa viza kwa sababu ya nyaraka za uongo, na hilo linaingia kwenye mfumo wa VIS, kumbukumbu za viza, ambao nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, zinausoma, na linakaa humo miaka 5. Mama mkwe akitaka kwenda Ufaransa kumuona mjukuu mwaka keshokutwa, wanaliona. Ada ya viza euro 90 kwa kila mmoja hairudi, nyinyi watatu ni euro 270 zimekwenda. Yeye jamaa hapotezi kitu, keshakula chake, na atawaambia ubalozi una roho mbaya.

Nisieleweke vibaya, kubuki hoteli inayofutika bure sio kosa hata kidogo, mi nawashauri wateja wangu hivyohivyo. Lakini iwe hoteli ambayo kweli mnataka kulala, majina yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe zinalingana na tiketi na bima, na iwe hai mpaka mnafika, maana hata pale uwanja wa ndege afisa anaweza kukuuliza unalala wapi. Mkibadilisha mawazo baadaye badilisheni, ila muwe na nyingine mkononi.

Na hii tabia ya "tutajitafutia tukifika" inauma watu kila mji wa Italia, sio Venezia tu. Roma wanauziwa "dakika 20 kutoka Colosseo" bila kuambiwa ni kwa metro, kwa basi au kwa maombi. Firenze mtu anakodi gari kwa sababu kaambiwa alale nje ya mji atakuwa anaingia mwenyewe, anapita kwenye ZTL, lile eneo la katikati lenye kamera, hajui lolote, anarudi nyumbani kwa furaha halafu miezi kadhaa baadaye faini inamfuata kupitia kampuni ya gari, moja kwa kila alivyopita. Aliyemshauri ukimuuliza anakuambia mbona mimi sikuwahi kukamatwa.

Maombi ya viza mnaruhusiwa kupeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15, lakini nafasi za miadi kwa safari za mwezi wa tano zinajaa mapema sana. Hoteli ichagueni wiki hii, nitumie anwani kamili yenye namba ya posta na CIN niwaangalizie madaraja, na pasipoti kazichukueni kwa huyo jamaa leo.